Kitufe cha Kubali

Meneja aliwaita mafundi wote wa lifti kwenye chumba cha mikutano, na kila mmoja akakuta chupa ya maji imewekwa mbele ya kiti chake.

"Ukiona tunapewa maji ya chupa, ujue tumekwisha," alinong'ona fundi mmoja mrefu, mwembamba, ambaye wenzake walimwita Kamba.

Hawakucheka sana. Meneja aliingia akitabasamu, akaegemea meza kama mtu aliye kwake, akaanza kuwashukuru. Aliwashukuru kwa muda mrefu mno, mpaka hata wale wagumu wa kuelewa wakaelewa. Kisha akasema kwamba kuanzia kesho kampuni haitakuwa na mafundi wa kuajiriwa. Watakuwa washirika. Kila mtu bosi wake mwenyewe. Lifti ikiharibika mahali, ujumbe utaingia kwenye simu za wote kwa pamoja, na wa kwanza kubonyeza kitufe cha "Kubali" ndiye mwenye kazi. Atakayebonyeza kwa mara ya kwanza atahesabiwa kuwa ameyaridhia masharti mapya.

"Na wa pili?" Kamba aliuliza.

"Wa pili anasubiri kazi nyingine."

"Na mshahara?"

"Hapo sasa ni bidii yako, kaka. Ukitaka kulala, lala. Ukitaka kujenga ghorofa, jenga."

Fundi mmoja aliyekaa karibu na mlango aliinua mkono nusu. Mtaani kwake walimwita Baba Lifti, na hata kazini jina lilikuwa limemganda. Alikuwa mtu wa maneno machache, hodari wa kukaa peke yake juu ya paa na mitambo yake.

"Na bima ya matibabu?"

"Mshirika anajikatia mwenyewe," meneja alisema kwa upole. "Kadi mlizonazo zinafanya kazi mpaka mwisho wa mwezi huu. Kunyweni maji jamani."

Hakuna aliyefungua chupa. Walipotoka walisimama nje ya geti, wakakubaliana kwamba hakuna atakayebonyeza. Wakigoma wote, kampuni itabaki na simu zake na lifti zitalala. Walipeana mikono mmoja baada ya mwingine. Baba Lifti naye alitoa mkono, ila akili yake ilikuwa kwenye jicho la mama yake. La kushoto lilikuwa limeshatolewa mtoto wa jicho kwa kadi ile ile. La kulia lilikuwa limepangiwa mwezi ujao.

Nyumbani alikuta baraza imejaa kama siku zote. Mkewe alikuwa na kazi ya kuvalisha makochi upya. Watu walimletea makochi yaliyochoka, naye aliyavua vitambaa, akabadilisha sponji, akakaza mikanda, yakarudi kwa wenyewe yakiwa hayajulikani. Ndiyo maana akaitwa Mama Makochi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, misumari midogo mdomoni, nyundo mkononi. Baba Lifti alimpita, akajitupa kwenye kochi jingine lililokuwa ukutani.

"Inuka hapo! Gundi haijakauka," mkewe alisema katikati ya misumari.

Akainuka. Suruali ya kazi ilikuwa imeshashika gundi.

"Wametufukuza," alisema.

Mama Makochi alitema misumari kiganjani. "Wote?"

"Wote. Ila wao hawasemi kufukuza. Wanasema ushirika."

Akaeleza. Mama yake, aliyekuwa mlangoni na redio yake mapajani, aliipunguza sauti ili asikie vizuri, na mwanawe alipofika kwenye habari ya bima aliizima kabisa. Binti yao, aliyekuwa mwaka wake wa mwisho wa sekondari, alikuwa akikata mabaki ya kitambaa kutengenezea mito midogo. Alisikiliza, akamtazama mama yake, na alipoona mama yake hasemi kitu, akasema yeye.

"Lakini mama naye kaitwa kazini."

Mama Makochi alimtazama bintiye kwa jicho lile ambalo watoto huliona mara chache, lakini hawalisahau.

"Kazi gani?" Baba Lifti aliuliza.

"Kiwanda cha samani. Wanataka msimamizi wa chumba cha kushonea. Waliona viti nilivyomfanyia yule dada wa duka la vioo." Alirudi kwenye nyundo yake. "Nilikuwa nimeshaamua kukataa, kwa hiyo hapakuwa na habari ya kuleta."

"Mtu unapewa mshahara wa kila mwezi, unakataa?"

"Wewe si umepewa miaka kumi na tano? Leo uko wapi? Uko kwenye gundi ya mteja wangu."

Neno lilimtoka kwa kasi kuliko alivyotaka. Aliona uso wa mumewe ukishuka, akatamani kulirudisha, lakini misumari ilikuwa imeshamwagika sakafuni, na ilikuwa rahisi zaidi kuinama kuiokota.

"Kwa hiyo mke atoke asubuhi na kitambulisho shingoni," alisema mama mkwe taratibu, "na mume abaki barazani kupokea makochi. Watu nitawaambia nini mimi?"

"Bibi, hao watu hawatulipii kodi," alisema binti.

"Nyamaza wewe! Leo umeshasema ya kutosha," mama yake alimkata.

Jambo la kwanza walilokubaliana ni kuisogeza tarehe ya upasuaji kabla kadi haijafa. Mama Makochi ndiye aliyekwenda hospitali, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kukaa kwenye mabenchi ya watu akisubiri kulipwa. Siku ya kwanza aliambiwa nafasi hakuna. Siku ya pili akaambiwa arudi. Siku ya tatu alikuja na kazi yake ya mkono, akakaa mlangoni pa katibu wa hospitali akishona kishungi cha mto, akimsalimia kila alipotoka na kila alipoingia, bila neno jingine. Kabla ya saa sita katibu alichoka kusalimiwa.

"Alhamisi ya mwisho wa mwezi," alisema. "Asubuhi. Asile kitu."

Ndani ya nyumba hawakutulia hata hivyo. Baba Lifti hakujua afanye nini na mchana. Alikaza bawaba za milango yote, akabadilisha taa ambayo haikuwa imeungua, akaanza kumpangia mkewe misumari kwa ukubwa mpaka mkewe akamwomba kwa adabu aache, kwa sababu sasa alikuwa haioni ile anayoitaka. Simu yake ilikuwa ikilia mlio mpya wa kampuni, mlio mfupi kama wa ndege. Jengo la benki. Hoteli. Jengo la benki tena. Kila ulipolia alisimama, akaangalia kitufe cha kijani, akakaa. Mwenye nyumba alipita siku moja, akamkuta barazani saa nne asubuhi akiwa na kandambili.

"Likizo, mzee?"

"Likizo."

"Ndefu?"

Baba Lifti alijifanya anakagua bawaba ya mlango. Mwenye nyumba aliitazama nyumba yake juu mpaka chini, akaaga.

Jumanne ya wiki ile ya upasuaji, hospitali ilipiga simu. Muuguzi aliongea haraka, kama mtu mwenye orodha ndefu ya watu wa kuwaudhi. Lifti ilikuwa imekufa. Chumba cha upasuaji kiko ghorofa ya nne. Upasuaji wote umesimamishwa isipokuwa wa dharura, maana mgonjwa akizidiwa huko juu hakuna namna ya kumshusha. Watapangiwa upya mwezi ujao.

"Nitapanda kwa miguu," alisema mama mkwe, ambaye magoti yake hayakuwa yakimfikisha hata dukani.

Hawajamjibu, simu ya Baba Lifti ikalia ule mlio wa ndege. Ilikuwa hospitali ile ile. Kitufe cha kijani kilikuwa kikipepesa kwenye kioo.

Akatoka nje. Akarudi ndani. Akatoka tena. Simu ikaita, safari hii ni Kamba.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Si ndiko anakotibiwa mama?"

"Ndiko."

Nyuma ya Kamba zilisikika kelele za watoto. "Mimi sitakulaumu, ndugu yangu," alisema, kwa sauti iliyokuwa imeshaanza kulaumu. "Ila ukibonyeza wewe, kesho watabonyeza wote. Wewe ndiye mkubwa wetu."

Alipokata simu alimkuta mkewe amesimama nyuma yake, mkono ameunyoosha.

"Lete hiyo simu."

Alidhani atabonyeza yeye. Sehemu fulani ya moyo wake ilitamani abonyeze, ili jambo liwe limefanyika na lisiwe lake. Mama Makochi aliipokea, akaitia kwenye mfuko wa aproni.

"Ile lifti nani anaijua?"

"Mimi. Breki yake imekuwa ikishika tangu mwaka jana. Nimeripoti mpaka nimechoka."

"Kampuni inaijua?"

"Kampuni inajua kuidai hospitali."

"Basi vaa viatu. Tunakwenda kubisha hodi."

"Hodi kwa nani?"

"Kwa mwenye shida. Mimi nafanya hivyo kila siku, baba. Hawaumi."

Baba Lifti alikuwa akiingia katika jengo lile kwa miaka mingi, na hakuwahi kubisha. Sare ilikuwa ikimbishia hodi. Siku ile mlinzi wa getini, ambaye walikuwa wakitaniana kila mwezi, aliangalia kifua chake kisichokuwa na kitambulisho.

"Leo umekuja kuangalia mgonjwa, fundi?"

"Nimekuja kuangalia lifti."

"Nani kakuagiza?"

Aliandikwa kwenye daftari la wageni, na kwenye nafasi ya kusema anatoka wapi, mlinzi alifikiri kidogo, akaandika "nyumbani".

Katibu wa hospitali alikuwa mwanamke wa makamo mwenye simu mbili, zote zikiita. Alipomwona Mama Makochi alishusha mabega. "Mama wa salamu! Tarehe yako siwezi kuirudisha, lifti haifanyi kazi."

"Ndiyo maana nimekuja na fundi."

"Tuna mkataba na kampuni."

"Kampuni haina fundi," alisema Baba Lifti. "Unaweza kusubiri wiki nzima. Ni breki. Nikipata kifaa naimaliza kesho."

Katibu alimwangalia vizuri, akamkumbuka. Akaweka simu zote mbili mezani kifudifudi. "Unataka kiasi gani?"

Swali lilimkuta Baba Lifti kama mtu aliyeamshwa usingizini. Katika maisha yake alikuwa hajawahi kutamka bei ya mikono yake. Bei ilikuwa ikitamkwa na watu wa ofisini, yeye akapata bahasha, baadaye akapata ujumbe wa benki.

"Wewe nipe chochote tu," alisema.

Mkewe akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kirefu, kisicho na ugonjwa.

"Yaani," akajirekebisha, akahisi masikio yanapata moto, "kifaa mtanunua nyie. Na mimi..." Akataja kiasi.

"Sawa," alisema katibu.

Alikubali upesi kiasi kwamba Mama Makochi alifumba macho. Alijua maana ya "sawa" ya namna ile. Alisubiri mpaka walipofika kwenye ngazi.

"Angekupa mara mbili."

"Nilijua."

"Ulijua saa ngapi?"

"Aliposema sawa."

Walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya maji ya chupa wakacheka, mpaka mgonjwa mmoja aliyekuwa akipanda ngazi kwa kushikilia ukuta akawaomba wampishe.

Baba Lifti alimpigia Kamba, akamweleza kwamba hakubonyeza, amekuja mwenyewe. Kamba alifika na begi lake la vifaa bila kuuliza malipo. Kifaa walikipata kwenye duka la vipuri vya mtumba, kikiwa na vumbi, bado kizima. Walifanya kazi mchana kutwa kwenye chumba cha mashine juu ya paa, ambamo joto lilikuwa la kuivisha mtu, wakaendelea asubuhi iliyofuata. Ilikuwa furaha ya ajabu. Hakukuwa na mtu wa kumpigia ripoti, hakukuwa na fomu. Kamba alisema wangeweza kuandikisha kitu chao, wawili watatu, wakaachana na meneja na maji yake. Wakapanga hata jina. Jioni ya Jumatano milango ya lifti ilifunguka ghorofa ya nne, na wauguzi wawili wakapiga makofi kama watoto.

Alhamisi, tarehe yake ikiwa imerudishwa, mama mkwe alipandishwa kwenye kiti cha magurudumu, ndani ya lifti iliyorekebishwa na mwanawe, akiwasimulia watu wote waliomo habari hiyo mpaka wakashuka. Upasuaji ulikwenda salama. Kadi ilipitishwa kwenye mashine ya malipo, ikakubali.

Siku ya kuchukua malipo, Baba Lifti alimwuliza katibu kuhusu mkataba wa kudumu. Yeye na mwenzake wangeitunza lifti kwa bei nafuu kuliko kampuni.

"Fundi, ningependa," alisema katibu, na alionekana kusema kweli. "Lakini bodi inataka kampuni iliyosajiliwa, yenye ofisi, yenye bima ya ajali na hesabu za miaka mitatu. Wewe nikikupa, nitafukuzwa mimi." Akamshika mkono. "Ikiharibika na wao wasije, nitakupigia."

Jumatatu iliyofuata mafundi wawili walibonyeza. Jumanne Kamba akabonyeza. Alipiga simu mwenyewe kusema. Mkewe alikuwa na mimba ya pili ya mapacha, na mtu wa kodi ya nyumba alikuwa amekuja na kufuli mkononi. Baba Lifti alimwambia amefanya vyema, na baada ya hapo akakaa na simu sikioni muda mrefu, ingawa Kamba alikuwa ameshakata. Ijumaa walibaki watatu nje. Yeye hakuwa hata na cha kubonyeza, maana meneja alipata habari za hospitali, akaliondoa jina lake kwenye orodha, na ule mlio wa ndege haukusikika tena.

Kazi zilikuja kwa jinsi zilivyotaka. Mwenye jengo la ofisi alimwita mara moja, akamlipa vizuri. Hoteli moja ilimwita, ikamzungusha. Kisha zikapita siku ambazo hakuna aliyepiga. Na makochi nayo yalipungua, kwani watu waliokuwa wakiyaleta nao walikuwa na mameneja wao wa maji ya chupa. Kwenye baraza ile sasa kulikuwa na simu mbili juu ya meza ya kukatia kitambaa, na watu wawili wanaojifanya hawaziangalii.

Kiwanda kilikuwa kimemwongezea Mama Makochi muda wa kujibu, na muda huo nao ulikuwa unaisha.

"Usiende kwa ajili yangu," mumewe alimwambia asubuhi moja. Alikuwa amelala macho wazi, na alijua mkewe naye amelala hivyo. "Una wateja wako. Umewatafuta mwenyewe, mmoja mmoja."

"Nani kasema nakwenda kwa ajili yako?"

"Kwa ajili ya nani?"

Mama Makochi alikaa kitandani, akajifunga khanga. "Mtoto anamaliza shule mwaka huu. Mama ana dawa za matone mpaka jicho lipone. Sisi tunaweza kuvumilia mmoja wetu akisubiri simu. Tukisubiri wawili, tutagombana mpaka tuchukiane. Mimi nimeshaanza kukuchukia kidogo ukishika kile kikombe chako saa nne."

"Kikombe kimefanya nini?"

"Hakijafanya kitu. Ndilo tatizo lenyewe."

Mumewe akasema lile alilokuwa nalo moyoni. "Mimi nilikuwa nikitoka na sare yangu, nakuona hapo sakafuni, najiambia kwamba kazi ninafanya mimi. Wewe unajishughulisha tu."

"Najua."

"Nilikuwa sijakwambia."

"Ulikuwa ukiniambia kila siku," alisema mkewe, bila hasira, akaenda kuchemsha maji.

Kiwandani Mama Makochi alipokewa na afisa utumishi, kijana mwenye tai, aliyemwita "mama" kwa heshima na kumsomea masharti bila kumtazama. Miezi sita ya majaribio, bima inaanza baadaye. Saa za kuingia, saa za kutoka. Haruhusiwi kufanya kazi ya namna hiyo nje ya kiwanda, hata kwake, hata siku ya mapumziko.

"Nina kochi moja halijaisha," alisema. "La mteja wa siku nyingi."

"Hilo limalize, mama. Lakini liwe la mwisho."

Alilimaliza Jumapili. Mumewe alimshikia kitambaa kikaze huku yeye akipigilia misumari, na binti akalifuta vumbi. Mwenye kochi alipokuja kulichukua alisema ana viti vingine vinne vya kulia chakula atavileta mwezi ujao. Mama Makochi alimwambia karibu, kisha akaingia ndani haraka. Ilibidi Baba Lifti amfuate mteja mpaka kwenye gari, akamweleza.

Jumatatu Mama Makochi alivaa koti la bluu la kiwanda. Mama mkwe, ambaye jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuona vizuri, alimgeuza mbele na nyuma, akamwondolea uzi begani. "Umependeza," alisema. Baadaye binti alimsikia akimweleza jirani ukutani kwamba mkwe wake sasa ni msimamizi mahali, tena mkubwa.

Chumba cha kushonea kilikuwa na cherehani safu mbili, taa nyeupe, na wasichana ambao hawakuinua vichwa. Kabla ya kuwasimamia wengine alitakiwa ashone wiki moja ili ajue kazi ya hapo. Walimpa mgongo wa kochi, kitambaa kizito cha kijivu, mshono mrefu wa kupinda. Cherehani ilikuwa nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuigusa. Alianza polepole, akaizoea, mkono ukapata mwendo, akasahau alipo. Alikuwa amefika pale kwenye mpindo, mahali ambapo fundi yeyote hawezi kusimama bila kuacha alama, kengele ilipolia.

Cherehani zote zikanyamaza kwa pamoja. Yake ikaendelea peke yake.

Msimamizi aliyekuwa akiondoka, mama mtu mzima anayekwenda kustaafu, alikuja akasimama pembeni yake.

"Mwenzangu, ni saa ya kula. Acha."

"Nipo katikati ya mshono."

"Acha hapo hapo. Ukikaa, utaulizwa umekaa kwa ruhusa ya nani."

"Utabaki na alama."

"Nani atauona?" Yule mama alimwekea mkono begani, kwa wema, kama anayemkaribisha nyumbani. "Usihangaike kuuwahi mshono, mwanangu. Hapa kazi haiishi."

Mama Makochi alibaki akiutazama mshono uliofika nusu, na wasichana wote wakiwa wameshasimama wakimsubiri apite. Kisha akautoa mguu kwenye pedali.